Mwandani wa Nahodha

Siku ya tatu baada ya kuzikwa Maalim Zubeir nilikwenda hitimani nyumbani kwake, hatua chache kutoka Ndia Kuu. Sisi wanawake tulikaa juu, wanaume wakakaa chini kwenye viti vya kukodi walivyovipanga uchochoroni, na kipaza sauti kikafungwa dirishani ili nasi tusikie. Baada ya dua akasimama mzee mmoja kutaja mema ya marehemu. Alitaja shule alizofundisha na vijana aliowalea, kisha akaufikia mchezo wa redio ambao marehemu aliuandika zamani, *Merikebu ya Nyota*, uliowachukua watu wa Mombasa mpaka kwenye nyota wakiwa wamekaa majumbani mwao. Akawataja walioucheza. Akamtaja Bwana Faraj aliyekuwa Nahodha, akamtaja na Kilonzo fundi wa milio, kila mmoja kwa jina na sifa zake. "Na alikuwako pia," akamalizia, "binti mmoja wa kuitikia." Nilikuwa nimeshika sahani ya mkate wa sinia. Nikaiweka chini. Mjukuu wa marehemu aliyekuwa akitugawia kahawa akaniuliza kama nataka kikombe kingine, nikamwambia sitaki kahawa, nataka kalamu. Akacheka, akidhani bibi yake wa mtaani anamtania.

Sikuwa natania. Nina miaka karibu themanini, nimekwisha kuitwa mama, bibi, mwalimu na mkorofi, na yote nimeyakubali, lakini hilo la binti wa kuitikia silikubali. Sitaanza na nilikozaliwa wala nani alimwoa nani. Anayetaka nasaba yangu na aende akawaulize wenye kazi hiyo. Nitasema habari ya mwaka mmoja tu, wa pili baada ya uhuru, nilipokuwa na miaka kumi na tisa, nikiishi na shangazi yangu Bi Nuru katika orofa ya nyumba ya mawe ambayo ukuta wake ulitoka jasho msimu wa mvua. Bi Nuru alikuwa mshonaji wa kofia. Maneno yake yalikuwa machache na sindano yake haikupumzika, na watu waliomwogopa walikuwa wengi kuliko waliompenda, ingawa mimi nilikuwa katika makundi yote mawili.

Maalim Zubeir alikuja kumwomba ruhusa yeye, si mimi. Alihitaji sauti ya kike. Katika michezo yao ya jukwaani wanaume walizoea kujifunga leso na kubana koo, na watu wakacheka wakaridhika, lakini redioni sauti ile ilisikika kama mbuzi aliyebanwa mlangoni. Maalim alinijua kwa kuwa nilikuwa nikisoma vitabu vyake vya jiografia na kuvirudisha vikiwa na maswali pembeni. Bi Nuru alimsikiliza mpaka mwisho, akakata uzi kwa meno, akatoa masharti yake. Atafuatana nami kila mara. Nitarudi nyumbani kabla ya magharibi. Na jina langu lisitajwe hewani hata siku moja. "Sauti peke yake ni mtihani tayari," alisema. "Jina na libaki nyumbani." Nilikubali mbio mbio, kama mtu anayeogopa bei itapanda. Hilo lilikuwa kosa langu la kwanza, nami nalisema wazi ili nipate kuyasema ya wengine bila haya.

Studio yenyewe ilikuwa chumba kimoja katika jengo la kituo, kuta zimefunikwa kwa mikeka na magodoro ya sufi ili sauti isirudi. Palikuwa na maikrofoni moja, meza moja, na kioo ambacho nyuma yake alikaa Maalim na mitambo. Taa nyekundu ikiwaka, feni ilizimwa, na kutoka hapo tulichemka kama viazi. Hatukurekodi. Tulisema moja kwa moja, kila Jumapili baada ya alasiri, na neno likishatoka limetoka. Kilonzo, ambaye siku za kazi alikuwa karakana ya reli, ndiye aliyetufanyia milio yote. Nyayo zetu zilikuwa sinia ya kokoto. Mlango ulikuwa ubao wa mlango wa kweli, aliousimamisha kwenye miguu ya chuma na kuutia komeo. Na merikebu, ile iliyoinua roho za watu kutoka Kuze mpaka Makadara, ilikuwa stovu ya mafuta ya taa. Alikuwa akiisukuma pampu karibu na maikrofoni mpaka ingurume, na akitaka tupae zaidi alisukuma zaidi. Mchezo ukisha alibandika birika juu yake, akatia tangawizi, nasi tukanywa chai iliyochemshwa na merikebu. Bi Nuru alileta mahamri na viazi vya karai, akakaa pembeni na kofia yake mapajani, na aliambiwa kitu kimoja tu: asikohoe. Kilonzo alimwita mama. Watu wa nyota nao walisemewa na Kilonzo, kwa sababu Bwana Faraj alisema lafudhi ya Ukambani ndiyo iliyo mbali zaidi aliyopata kuisikia. Kilonzo alicheka. Nadhani hakufurahi.

Sasa nimseme Saada, niliyemcheza mimi, maana yeye ndiye shauri lenyewe. Katika sehemu ya kwanza kabisa mtangazaji alisema kwamba Saada, mwandani wa Nahodha, ni binti wa mjuzi wa falaki, na kwamba azijua nyota kwa majina yao kuliko Nahodha avijuavyo vidole vyake. Nilipoisoma karatasi ile nyumbani nilisimama kitandani. Msichana mwenye elimu, ndani ya chombo, akipita baina ya nyota alizozisoma! Nikadhani wiki ijayo ataonyesha njia. Wiki ijayo alisema, "Sasa je, Nahodha?" Wiki iliyofuata alisema, "Lo, Nahodha, tazama!" na baada ya hapo, "Sasa je, Nahodha?" tena. Wiki nane zikapita. Ile falaki haikutajwa tena kabisa, kana kwamba ameisahau nyumbani pamoja na miwani. Nahodha ndiye aliyezitambua nyota, Nahodha ndiye aliyekarabati mtambo, na kimondo kilipotoboa chombo Nahodha alikiziba kwa kilemba chake, huku Saada akimshikia taa. Jina langu lilifichwa, lakini katika mitaa yetu nani asiyeijua sauti ya mwenzake? Nikienda kununua nyama mwuza nyama aliniuliza, "Sasa je, Nahodha?" na foleni nzima ikavunjika mbavu. Nilicheka nao. Nikifika nyumbani nilitupa kikapu.

Nilimwuliza Maalim siku moja tukinywa chai. "Maalim, Saada si ajua nyota?"

"Ajua."

"Mbona basi kila siku yeye ndiye wa kuuliza?"

Maalim alikuwa mtu mpole. Hakupata kunipazia sauti, na upole wake ndio uliokuwa mgumu kupigana nao. "Mwanangu, Saada ni sikio la msikilizaji," alisema. "Yeye auliza, Nahodha apate kueleza. Ni kazi kubwa hiyo."

"Kuna mwanamke wa Kirusi alikwisha kuizunguka dunia angani peke yake. Yeye alimwuliza nani?"

Bwana Faraj, karani wa forodha mwenye sauti nzito kama mbao za mvule, akapuliza chai yake. "Maskini," akasema. "Hakuwa na nahodha wa kumweleza." Wakacheka wote wawili. Kilonzo alikuwa akiifuta stovu, hakucheka. Bi Nuru aliendelea kushona.

Yaliyobadili mambo hayakutoka kwetu, yalitoka kwa wasikilizaji. Sehemu ya tisa tulitua Zuhura. Maalim alikuwa ameuchora mji mzuri wa mawe meupe, wenye watu wenye ngozi ya shaba, na katikati yake nyumba kubwa yenye siri ambayo bila hiyo chombo kisingeweza kurudi duniani. Alikuwa akisoma sana hadithi za kigeni ambamo manahodha husukuma milango, basi naye aliandika kwamba Nahodha aliusukuma mlango akaingia. Kilonzo akavuta komeo, Faraj akakanyaga kokoto, akasema kwa kiburi, "Ndani ni baridi na kimya!" Tulikwenda nyumbani tumeridhika. Asubuhi yake, dirishani petu, nilisikia wazee waliokaa barazani chini wakizozana, na nikadhani kuna mtu amekufa.

"Merikebu yaruka, haya," mmoja alikuwa akisema. "Watu wa shaba, haya, Mungu aumba atakacho. Lakini mtu mzima kuingia nyumba ya watu bila hodi!"

"Na kama mna wanawake?"

"Kalelewa wapi nahodha hunu?"

Ilikuwa hivyo kila mahali. Barua zilikuja kituoni kwa mafungu, na hakuna hata moja iliyouliza chombo kiliwezaje kupita kwenye moto wa anga. Zote ziliuliza habari ya hodi. Mwalimu mmoja wa chuoni aliandika kurasa mbili kueleza kwamba ruhusa ya kuingia ni haki ya mwenye nyumba, awe wa shaba au wa udongo. Mamake Bwana Faraj hakusema naye siku mbili, na ya tatu alimwuliza, "Nimekuzaa mimi uingie majumba ya watu kama mbuzi?" Maalim alijishika kichwa. Alikuwa mtu wa Mji wa Kale kama sisi, hajapata kuingia nyumba ya mtu bila kubisha tangu azaliwe, lakini alipofika mbinguni adabu ilimtoka. Aliona hakuna wa kumwona.

Kwa asiyezijua nyumba zetu, mgeni wa kiume huishia dakani, kile kipenu cha mlangoni chenye vibaraza viwili vya mawe, na hapo hupiga hodi. Akiitikiwa na mwanamume, huingia au huzungumza naye hapo hapo. Kama ndani mna wanawake peke yao, wao siku zile hawakumpazia sauti mtu wasiyemjua. Walipiga makofi matatu. Makofi yale maana yake ni kwamba hapa hapana mwanamume, basi rudi nyuma. Na mwanamume aliyelelewa hurudi nyuma kabla hata hajafikiri, kama mtu anavyoondoa mkono motoni. Mwanamke mwenzao ndiye hupita daka, akapita ukumbi, akaingia ndani kabisa, kwenye vyumba ambavyo mwanamume jirani huzeeka bila kuviona.

Nililifikiri jambo hilo siku nzima nikifua, na mara moja nikaliona lilivyo, nikaacha nguo majini. Jumamosi tulipokutana kufanya mazoezi nilisema kabla Maalim hajakaa. Nilisema kwamba amejipatia dawa bila kujua. Nahodha na watu wake wote ni wanaume; wakipiga hodi watakomea dakani, na siri imo ndani. Chombo kizima kina mtu mmoja tu anayeweza kupita. Maalim alijikuna paji la uso kwa penseli, na kwa kitambo nikaona kwamba wazo limemwingia, macho yake yalikwenda mbali.

"Na mimi?" akauliza Bwana Faraj. "Nikae nje nifanye nini? Nihesabu mawe?"

Macho ya Maalim yakarudi. Akasema ni wazo zuri, la kukumbukwa siku nyingine. Nahodha atatoka kwanza, arudi mlangoni, apige hodi mara tatu, sauti ya kiume itamkaribisha, na wazee watanyamaza. Nilitoka kwenda kunywa maji kwenye ujia, ambao haukuwa na magodoro, na maneno ya chumbani yalinifuata yote.

"Afadhali tumwondoe," Faraj alikuwa akisema. "Wazee tayari wanung'unika juu ya sauti yake. Na kazi yenyewe ni ipi? Huyo ni kama mto wa kiti. Ukiondoka, hapana atakayeuliza."

"Nimwue Jumapili hii?" aliuliza Maalim kwa upole wake.

"Mwue. Lakini asipige kelele nyingi."

Kabla hatujaondoka nilipewa karatasi zangu mpya. Ukurasa wa nne: Saada abaki chomboni, hewa ya Zuhura imemshinda. Ukurasa wa kumi na moja: Nahodha arudi na siri mkononi, amkuta amekufa. Sikulia mbele yao. Nililia ngazini, kwa hasira, na hasira ilinifaa kuliko ambavyo huzuni ingenifaa. Watu wataniambia ni mchezo tu, msichana wa karatasi. Nawajibu hivi: katika mwaka ule mzima hapakuwa na mahali pengine popote ambapo msichana wa mitaa yetu alisikika na mji wote kwa mara moja, na hata hapo alipewa maneno matatu, kisha akaonekana amezidi. Kama Saada angekufa bila kusema, mimi nami nisingesema tena. Nililijua hilo kama nilivyojua nina njaa. Nyumbani nilimsomea Bi Nuru.

"Afa kwa nini?" aliuliza.

"Hewa, Shangazi."

"Na Nahodha avuta hewa gani?"

"Hiyo hiyo."

Alivuta uzi, akautazama kwenye mwanga wa dirisha. "Hewa hiyo basi ina ubaguzi," akasema, na asubuhi alinipikia uji wa wimbi kama anipikiavyo nikiwa na homa.

Jumapili tulisimama mahali petu. Taa nyekundu ikawaka, feni ikazimwa, stovu ikanguruma kidogo na kutulia. Nilikohoa kama nilivyoandikiwa, nikasema nendeni zenu salama, Nahodha, mimi nimechoka, nikasogea nyuma hatua moja. Faraj akakanyaga kokoto. Aliusifu mji, akausifu mlango, na sauti yake ilikuwa nzuri kweli, simnyimi haki yake. Kisha akavuta pumzi. "Hodi!" akaita. "Hodi wenyewe! Hodi!" Kilonzo alikuwa ameshika karatasi yake, amefungua mdomo aseme karibu. Nikasogea mbele kwenye maikrofoni nikapiga makofi matatu.

Bwana Faraj alirudi nyuma. Naapa kwa Mungu, yule mwanamume mwenye kifua kama kabati, ndani ya chumba cha magodoro, mbele ya ubao uliosimamishwa kwa vyuma ambao nyuma yake hapana kitu ila sisi, alirudi nyuma hatua mbili, akainamisha macho, akasema, "Samahani, wenyewe. Samahani." Mji mzima ulimsikia. Alipogundua alilolifanya alikuwa amekwisha kulifanya, na hapakuwa na neno lolote kwenye karatasi yake ambalo muungwana angeweza kulisema baada ya makofi yale. Kuingia hawezi. Nyuma ya kioo Maalim alisimama, mkono juu, kama mtu anayesimamisha gari.

Nikasema, "Nipishe, Nahodha. Hapo ni pangu." Nikamtazama Kilonzo. Yule mtu alinitazama, akamtazama Maalim, akaiweka karatasi yake mezani taratibu, akainua mkono na kuvuta komeo. Sijapata kusikia mlio mzuri kama ule. Nikakanyaga kokoto mwenyewe, kwa viatu vyangu, nikaita, "Hodi, mabibi." Hapo ndipo nilipofika mwisho wa ujasiri wangu, kwa sababu sikuwa nimefikiri nani ataitika. Ndani ya Zuhura hapakuwa na mtu. Nilisimama pale, nikaona nimefungua mlango wa nyumba tupu mbele ya watu wote.

"Karibu, mwanangu," ikasema sauti kutoka pembeni. "Ndoo, ingia ndani. Usisimame kizingitini."

Bi Nuru hakuwa ameinua macho kutoka kwenye kofia. Miaka mingi baadaye nilimwuliza kwa nini aliitika, yeye aliyechelea sauti kuliko moto, akaniambia hodi haiachwi hewani bila kuitikiwa, basi. Labda. Wakati ule sikuuliza. Kilonzo aliinua stendi ya maikrofoni, akaipeleka mpaka kwenye kiti chake kama anayempelekea chai.

"Starehe, Bibi," nikasema.

"Watoka wapi?"

"Duniani, Bibi. Mombasa."

"Ni mbali huko. Na hao walioko dakani ni nani wako?"

"Ni watu niliofuatana nao chomboni."

"Wana adabu?"

"Wanajifunza, Bibi."

Bwana Faraj alitoa mlio ambao haukuwamo kwenye mchezo. Bi Nuru akachoma sindano, akaivuta. "Na usiku huo wote mliopita, nyota zote hizo, ni nani aliyewaonyesha ndia?"

Nilitaka kucheka na kulia kwa pamoja. Nikazitaja. Nilianza na Kilimia nikataja kila nyota niliyopata kuisoma katika vitabu vya Maalim, moja moja, na jinsi mtu anavyozifuata kutoka moja hadi nyingine, na hapakuwa na mtu wa kunieleza wala wa kunishikia taa. Sijui nilisema muda gani. Nilipokwisha, Bi Nuru aliuliza swali ambalo kila mwenyeji humwuliza mgeni, nami nikaliona likija, nikaona ni yeye anayeliuliza, kwa hiari yake, akinitazama usoni sasa.

"Jina lako nani, mwanangu?"

"Rukia," nikasema kwenye maikrofoni.

"Basi pita, Rukia," akasema. Kilonzo akafunga komeo nyuma yangu. Taa nyekundu ikazimika.

Faraj alitupa karatasi zake chini, akapiga kelele, "Mmeniacha nje! Mbele ya watu wote mmeniacha nje!" Aliondoka bila kofia. Maalim aliingia akiwa mweupe mdomoni, akaniambia nisirudi tena, kwa sauti ile ile ya upole. Hakupika mtu chai ila Kilonzo, na tulikunywa watatu, yeye, Bi Nuru na mimi, tukiwa tumekaa juu ya magodoro. Nilimtia aibu Bwana Faraj, ni kweli, na alikuwa na mke na watoto waliosikia. Nimejiuliza mara nyingi kama najuta. Sijuti. Yeye alitaka nife pasipo kelele.

Juma lile hapakuwa na mazungumzo mengine mjini. Mwuza nyama alinipimia mfupa wa supu juu ya nyama yangu, akaniuliza kwa sauti ya chini, kwa heshima kabisa, mle ndani mlikuwa na nini. Wanawake walipanda ngazi zetu mchana kumwuliza Bi Nuru, naye aliwajibu kwamba yeye ni mwenyeji tu. Wapo waliosema tumemwaga adabu, na mmoja wa jamaa zetu hakutuamkia mpaka mwaka ukaisha. Alhamisi alasiri tulisikia hodi, na alikuwa Maalim Zubeir. Bi Nuru alimletea kahawa, naye akakaa dakani na daftari lake, mimi nikakaa nyuma ya mlango ulioachwa wazi kidogo.

"Rukia," alisema, "watu wataka kujua Saada amekuta nini."

"Nami nimesikia."

"Nimejaribu kuandika. Nimekaa siku tatu." Nilisikia daftari likifunguliwa na kufungwa. "Sijui mna nini humo. Sijui wanawake hukaa wakasema nini. Niambie tu, mimi nitaandika."

Nilimhurumia, maana alisema kweli, na si wanaume wengi waliopata kuisema kweli ile. "Nitaandika mimi, Maalim. Ukurasa kwa ukurasa. Na mtangazaji atasema mwanzo na mwisho kwamba imeandikwa na mimi, kwa jina langu."

"Hilo haliwezekani. Wajua watasema nini."

"Najua."

"Niambie basi kidogo. Ile siri tu. Nipate kuwatoa pale mlangoni."

"Ingia uitazame, Maalim," nikasema.

Nilisikia kikombe kikirudishwa kwenye sahani, bila kunywewa. Kisha akasimama, akamuaga Bi Nuru kwa adabu zote, akaenda zake, na kwa miaka sitini tuliyoishi baada ya hapo katika mitaa hiyo hiyo tuliamkiana kila siku na hakuuliza tena. Alipokufa nililia, kwa sababu yeye ndiye aliyenipa nyota zenyewe. Mchezo aliuendesha Jumapili tatu zaidi. Nahodha aliusifu mlango, kisha akasifu vibaraza, kisha akawasimulia watu wake habari za mamake. Jumapili ya nne redio ilipiga taarabu, na mtangazaji akasema *Merikebu ya Nyota* imekwisha. Haikwisha. Siri niliyoikuta mle ndani ninayo, imejaza madaftari matatu, na hayana jina la mtu mwingine. Nahodha na watu wake wako dakani mpaka leo, wanangoja mwanamke awatolee habari.